Hapana ya Kwanza

Jibu lilikuwa ndiyo. Ardis Tollefsrud alikuwa nalo tangu siku aliyosikia habari za mnara, na angelitoa bila kusitasita, ila kwanza ilikuwa lazima aombwe. Aombwe na nani? Si na kampuni, wala si na wakubwa wa wilaya. Aombwe na Verlyn, mdogo wake wa tumbo moja, aliyekaa nusu maili tu ng'ambo ya shamba la soya, na ambaye hakuwa ametia mguu jikoni kwake kwa miaka sita.

Msidhani waligombana. Afadhali wangegombana, wakarushiana maneno, wakalia, yakaisha. Mama yao alipofariki, nyumba ilibaki kwa Ardis na mashamba yakabaki kwa Verlyn, kama marehemu mwenyewe alivyoandika, na hakuna aliyenung'unika. Baada ya mazishi Ardis akakaa akimsubiri Verlyn aje, maana enzi za mama alikuwa anaingia tu, hata hodi hapigi. Verlyn naye akakaa kwake akisubiri kualikwa, maana nyumba sasa ni ya dada, na mtu mzima haingii hivi hivi kwenye nyumba ya mtu. Wiki ikawa mwezi. Mwezi ukawa mwaka, na mwaka ukishapita, nani aanze? Kanisani walisalimiana kwa kichwa tu, Ardis benchi la kushoto, Verlyn benchi la kulia karibu na mlango, na kila mmoja akaenda zake.

Verlyn mkewe alishakufa, na binti yake wa pekee, Kirsten, alikuwa ameolewa Sioux Falls. Ardis hakuolewa. Alikuwa mwalimu mjini Marshall, akaacha kazi akiwa na miaka hamsini na saba ili arudi kumwuguza mama, akamwuguza miaka kumi na mmoja, na sasa alikuwa na sabini na nne. Asubuhi aliwasha redio kabla hajavaa, si kwa sababu ya habari, bali nyumba iwe na mtu anayeongea. Kulikuwa na siku alifika jioni akagundua hajatumia sauti yake tangu alipoamka, akajaribu kusema jina lake mwenyewe, akajisikia mjinga. Upweke ulimkaba, na hakumwambia mtu, kwa sababu huku kwetu mambo kama hayo hayasemwi.

Ndipo ukaja mnara. Kampuni ya umeme wa upepo ilikuwa inataka kusimamisha minara arobaini kwenye miinuko yetu, kwa kuwa jimbo lilishakata shauri kwamba ikifika 2040 umeme wote uwe safi, na mitambo ya makaa ya mawe ilikuwa inahesabiwa siku. Mnara namba ishirini na mbili uliangukia kwenye shamba la Verlyn, juu ya kilima kinachotazamana na dirisha la jikoni la Ardis. Sheria ya wilaya ilisema mnara usisimame karibu zaidi ya futi elfu moja na mia tano kutoka nyumba inayokaliwa na mtu. Walipopima wakapata elfu moja mia moja na themanini. Mwenye nyumba akitia saini ya ridhaa, mnara unasimama hapo. Asipotia, unahamia kwenye shamba la mtu mwingine.

Watu walilalamika sana kuhusu minara: kivuli cha mapanga yake yanayozungushwa na upepo, mvumo wake, taa nyekundu. Ardis hakuwa na neno na hayo yote. Kusema kweli, aliona kitu kinachozunguka mbele ya dirisha si haba, angalau pangekuwa na kinachosogea.

Habari yenyewe alipewa na Jeanette Quamme, rafiki yake tangu shule ya msingi, ambaye mdomo wake hauna kufuli. Walikuwa jikoni mwa kanisa, chini ya ukumbi, wanamenya viazi vya kutengenezea lefse, zile chapati nyembamba za viazi tunazopika msimu wa mavuno.

"Umesikia ya Verlyn?" Jeanette akamwuliza.

"Niyasikie wapi?"

"Wewe si ndugu yake!"

"Ndugu yangu, si redio yangu."

Jeanette akacheka mpaka kiazi kikamponyoka. Halafu akaweka kisu chini, akasogea karibu. "Asipopata huo mnara anauza, Ardis. Shamba lote. Anahamia kwa Kirsten. Kamwambia mume wangu juzi pale kwenye maghala ya ushirika, eti soya ya miaka hii miwili imemvunja mgongo, na kodi ambayo kampuni ingemlipa kwa ajili ya mnara ndiyo ingemshika hapa."

Ardis akaendelea kumenya. Alijikata kidogo kidole gumba, akakificha.

"Na saini ni yako, bibi wee," Jeanette akasema. "Usijitie hamnazo."

"Hajaniomba."

"Atakuomba. Afanyeje? Hana pengine pa kwenda."

Ardis alifika nyumbani siku hiyo moyo unampiga kama msichana. Aliogopa Verlyn asije akaondoka, hilo lilikuwa la kwanza. Lakini chini ya hofu kulikuwa na furaha, na aliionea haya furaha hiyo: kwa mara ya kwanza katika miaka sita, ndugu yake alikuwa na shida naye. Ingebidi aje. Angekaa kwenye kile kiti chake cha upande wa jiko, angeomba, naye Ardis angekubali, na Verlyn angebaki, na akishakuja mara moja angekuja tena. Alilitaka hilo kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote.

Sasa hapa lazima niseme neno kuhusu adabu yetu, maana ndiyo iliyoleta balaa. Ukikaribishwa kahawa huku kwetu, unakataa. Ukikaribishwa tena, unakataa, ila kwa sauti ya chini kidogo. Mara ya tatu unasema haya basi, nusu kikombe, na unakunywa vitatu. Anayekubali mara ya kwanza ana njaa kali au ametoka mbali. Na anayekukaribisha mara mbili tu, bila ya tatu, hakutaka unywe. Tumelelewa hivyo, na hatuoni ajabu.

Sasa msimu wa baridi uliopita, mawakala wa kampuni nyingine walimwandama mzee Orville Brekke, wakaenda kwake mara saba, mpaka akatia saini ili tu wamwondokee apate kumaliza chakula chake. Wilaya ikachachamaa. Baraza likapitisha kanuni: wakala anaomba mara moja, akiambiwa hapana, anaandika hapana, anaondoka, na harudi. Mwenye nyumba akibadili nia, aende mwenyewe ofisi ya wilaya ndani ya siku thelathini. Ukumbi mzima ulipiga makofi siku ile, na Ardis akiwemo. Ilikuwa kanuni nzuri ya kuwalinda wazee. Wala hakuna hata mmoja wetu, na tulikuwemo wenye akili zetu, aliyekumbuka kwamba hapana yetu ya kwanza haina maana yoyote.

Mwanzoni mwa Oktoba akaja mwanamke wa kampuni. Aliitwa Marisol Cantú, mtoto wa Texas, umri kama miaka thelathini, mchangamfu, na koti lake lilikuwa jepesi mno kwa upepo wetu.

"Karibu kahawa," Ardis akasema.

"Asante sana, ndiyo, naomba!"

Loo! Ardis hata birika hakuwa ameliweka jikoni. Ikabidi akimbilie maji huku mgeni ameshakaa, tena kwenye kiti cha Verlyn. Marisol akatandaza ramani mezani, akaonyesha kilima, akaeleza futi, akaeleza mvumo, akaeleza fidia ya mwenye nyumba. Alieleza vizuri, hakuficha kitu.

"Kwa hiyo nakuuliza, mama," akamaliza. "Utakubali kutia saini ya ridhaa?"

"Aa, hapana," Ardis akasema. "Sidhani. Mimi ni mtu mzee, sitaki makuu."

Akangoja. Alishapanga yote kichwani. Huyu angeuliza tena, naye angesema labda azungumze kwanza na mdogo wake. Na huyu angekwenda kumwambia Verlyn. Na Verlyn angekuja.

Marisol akafunga jalada. "Nimekuelewa kabisa. Na nashukuru kwa kunijibu wazi, mama, wengi wananizungusha."

"Ndiyo hivyo tu?"

"Ndiyo hivyo tu. Kanuni hainiruhusu kukusumbua tena, na hata ingeniruhusu nisingefanya. Nina nyanya yangu kule nyumbani, asingependa watu wamng'ang'anie." Akaandika mstari mmoja kwenye karatasi, akaweka tarehe. "Ukibadili nia, una siku thelathini. Ofisi ya wilaya. Kahawa yako nzuri sana, nimeipenda."

Alipoondoka, Ardis alisimama katikati ya jikoni na birika mkononi, hajui acheke au alie. Mtu kaja kumwomba, kapewa hapana ya adabu, kaibeba nzima nzima na kuondoka nayo! Lakini akajipoza. Afadhali hivi, akajiambia. Kampuni imetoka njiani. Verlyn ataambiwa nimekataa, na Verlyn ananijua, anajua mimi hata peremende nilikuwa nakataa mara mbili. Sasa itabidi aje mwenyewe.

Akaanza kungoja. Alipika lefse, akazifunga kwenye taulo. Alisugua sakafu ya jikoni mara mbili kwa wiki moja. Alichemsha kahawa iliyochanganywa na yai ili isiwe na machicha, kama mama yao alivyoipenda, akanywa kikombe kimoja, iliyobaki akaimwaga. Mchana alisimama dirishani kumtazama Verlyn akivuna. Mashine yake ilipanda na kushuka shambani ndani ya vumbi, na ilipofika mwisho wa mstari karibu na uzio wa Ardis ikageuka, Verlyn aliinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, kama tunavyosalimiana huku. Ardis naye akainua kidole, ndani ya dirisha, ambapo hakuna aliyeweza kukiona.

Wiki ya kwanza ikapita, na ya pili, na ya tatu. Jeanette akapiga simu. "Nenda kasaini, mwanamke wewe! Unangoja nini?"

"Nangoja aniombe."

"Na asipoomba?"

"Ataomba."

"Nyinyi Tollefsrud mna vichwa vya nyumbu," Jeanette akasema, akakata simu.

Siku ya ishirini na nne, Alhamisi, saa tisa alasiri, mlango ukagongwa. Ardis akaangalia kupitia pazia. Ni Verlyn. Tena anagonga! Mlango ambao aliuvunja kitasa akiwa na miaka tisa, leo anaugonga kama mtoza kodi.

"Nilikuwa napita," Verlyn akasema.

Barabara ile haiendi popote. Inaishia kwa Ardis.

"Karibu ndani. Kahawa ipo."

"Hapana, usijisumbue. Viatu vina matope."

"Matope yatafagiwa. Imeshachemka."

"Nimekunywa nyumbani."

Alisimama pale pale juu ya zulia la mlangoni, kofia mkononi, nywele chache zimelala upande mmoja. Alikuwa amezeeka. Kanisani huoni sana, mtu yuko mbali, kavaa koti zuri. Ardis alitaka kumshika mkono wa shati. Na karibisho la tatu alikuwa nalo mdomoni kabisa, alikuwa ameshavuta pumzi ya kulisema, mara kiburi kikamzuia. Aombe kwanza, akawaza. Kaja kwa ajili ya karatasi, na aseme. Akiomba tu namimina.

"Upepo umezidi mwaka huu," Verlyn akasema.

"Umezidi."

"Wanasema theluji wiki ijayo."

"Wanasema."

"Gata yako ya maji ya mvua imelegea pale kona. Naweza kuja kuipigilia misumari."

"Aa, usijisumbue."

Verlyn akatazama nje, kwenye kile kilima, akakitazama kwa muda mrefu. Ardis akashika ukingo wa meza. Sasa, akasema moyoni. Sema sasa.

"Unaona mbali kutoka hapa," Verlyn akasema.

"Naona mpaka kwako."

"Ehee." Akazungusha kofia mara mbili. "Hao watu wa kampuni, hawakukuudhi?"

"Hapana. Alikuwa mtoto mzuri tu."

"Vizuri." Akavaa kofia. "Haya basi."

Akaenda. Haikufika hata dakika kumi. Ardis alisikia pikapu ikiwaka, ikageuka uani, ikashuka barabarani, na vikombe viwili vilikuwa vimekaa mezani havijaguswa. Ndipo akaketi, akalia, tena kwa sauti, maana hakuna wa kumsikia. Mara ya tatu! Ilikuwa mdomoni! Kamkaribisha mdogo wake mara mbili, akamwacha asimame mlangoni. Kwa Verlyn hiyo ilikuwa na maana moja tu, na Ardis aliijua vizuri kuliko mtu yeyote. Alichukua ufunguo wa gari amfuate. Akaurudisha kwenye msumari. Amfuate aseme nini? Kwamba amekuja kumpa kahawa?

Ijumaa hakulala vizuri, Jumamosi hakula. Jumapili Verlyn hakuonekana kanisani. Jumatatu usiku haujaingia, Ardis akapiga moyo konde. Hapakuwa na haja ya kuombwa tena. Angekwenda kesho yake kwenye kikao cha baraza la wilaya, siku ya ishirini na tisa, angetia saini mbele ya watu wote, na Verlyn angebaki, awe anakuja jikoni au haji. Bora awepo pale ng'ambo na kidole chake kimoja kuliko asiwepo kabisa.

Jumanne asubuhi jengo la wilaya lilijaa. Watu kama thelathini walikaa kwenye viti vya chuma, makoti magotini. Jeanette alikuwepo na mumewe. Marisol alikuwa mbele, safari hii kavaa koti la maana. Verlyn alikaa nyuma kabisa. Mwenyekiti, Duane Aasgaard, mtu mpole mwenye miwani minene, alikuwa anasoma orodha ya minara mmoja mmoja, na Ardis alikaa na kalamu yake mwenyewe mkononi, kaitoa nyumbani, akingoja ifike zamu.

"Namba ishirini na mbili," Duane akasoma. "Imeondolewa pale ilipokuwa. Mwenye shamba amejitoa mwenyewe Ijumaa. Mnara umehamia kwa Roger Lyndahl. Namba ishirini na tatu..."

"Ngoja, Duane." Ardis alishasimama. "Mimi nimekuja kusaini."

Duane akavua miwani. "Ridhaa yako haihitajiki tena, Ardis."

"Siku zangu hazijaisha! Leo ya ishirini na tisa."

"Hazijaisha, ni kweli. Lakini mwenye shamba ndiye aliyejitoa. Lyndahl ameshasaini. Hapo hapana mnara tena."

Ardis akageuka nyuma. Watu wote wakageuka naye. Verlyn akasimama polepole, na ilikuwa mara yake ya kwanza maishani kuzungumza kwenye kikao.

"Alisema hapana," akasema, akimtazama Duane badala ya dada yake. "Nikaenda kwake Alhamisi kuangalia kama wamemuudhi. Niliona hana raha. Hakunitaka nikae. Nikasema basi, huu mnara ndio umemkera, na mimi sitaki dada yangu akerwe nyumbani kwake kwa ajili yangu. Nikauondoa."

"Nilisema hapana mara moja!" Ardis akapiga kelele. Sauti yake ilipasuka, hakujali. "Mara moja tu, Verlyn! Nani huku kwetu anasema ndiyo mara ya kwanza?"

Hakuna aliyecheka. Watu thelathini wakatazama viatu vyao, kwa kuwa hapakuwa na hata mmoja ambaye hakuelewa. Ni Marisol tu aliyekuwa anageuza shingo huku na huku.

"Kwa hiyo alikuwa anakubali?" akamnong'oneza mtu wa pembeni. "Siku ile? Alikuwa anakubali?"

Marisol akaifungua karatasi yake, akautazama ule mstari mmoja aliouandika, akaweka mkono mdomoni. Jeanette alikuwa anapenga kamasi kwenye skafu ya mumewe.

Nje, kwenye maegesho, upepo ulikuwa mkali. Verlyn alisimama kando ya pikapu yake. Ardis akamfuata huku kofia yake ya sufu ikimwangukia machoni.

"Ungekuja ukaniomba!"

"Nikuombe nini, Ardis?" Sasa naye alikuwa amepandisha sauti. "Mimi nilichukua mashamba yote. Wewe uliacha kazi yako, ukambeba mama miaka kumi na mmoja, ukaambulia nyumba inayovuja. Nije tena nikuombe na upepo ulio mbele ya dirisha lako? Niliona haya! Miaka sita hii naona haya. Kila nikitaka kuja nakumbuka ulichopata wewe na nilichopata mimi."

"Mimi sikuwa na haja na mashamba."

"Ulikuwa na haja na nini?"

Hakuna mtu aliyewahi kumwuliza hivyo, waziwazi, usoni. Ardis alitaka kusema si kitu, usijali. Ulimi ulishaanza kulisema. Akaukamata.

"Na wewe," akasema. "Nilitaka uje ukae jikoni kwangu. Basi. Mimi niko peke yangu mle ndani, Verlyn. Niko peke yangu mpaka naongea na redio. Ule mnara ningekubali waujenge juu ya kitanda changu, mradi usiondoke."

Verlyn akageuza uso upande wa upepo, akajifuta kwa mkono wa koti. "Shamba limepata mnunuzi," akasema. "Jumamosi. Nimeshampa mkono."

"Hamjaandikiana."

"Nimempa mkono, Ardis."

Mtu aliyempa mwenzake mkono huku kwetu harudi nyuma, na Verlyn angerudi nyuma, hata dada yake mwenyewe angemdharau.

"Lini?" akauliza.

"Machi. Kirsten ameniandalia chumba."

"Basi twende nyumbani," Ardis akasema. "Hapa tutakufa baridi."

Pikapu ya Verlyn ilimfuata nyuma njia nzima mpaka uani. Siku hiyo alikaa mpaka giza likaingia. Alikula lefse tisa. Kesho yake akarudi na ngazi na nyundo, akapigilia gata, na keshokutwa yake akarudi bila sababu yoyote. Msimu ule wa baridi theluji iliziba barabara mara nne, na mara zote nne alikuja na trekta. Walizungumza mambo ya mama, ambayo hakuna mwingine duniani aliyeyakumbuka. Walibishana kuhusu jina la mbwa wao wa mwaka sitini na moja, wakacheka mpaka Verlyn akashika mbavu. Ardis aliacha kuwasha redio asubuhi. Alilala vizuri. Wakati mwingine alikuwa anamimina maziwa, anasikia viatu vikipanguswa mlangoni, na furaha inamjia ghafla hadi inamuuma, maana hapo hapo alikuwa anahesabu: miezi mitatu, miwili, mmoja na nusu. Angekuwa amemimina kahawa siku ile ya Alhamisi, wangekuwa na miaka mbele yao.

Machi ikafika. Kirsten alikuja na gari kubwa, wakapakia vitu, havikuwa vingi. Verlyn alimkumbatia dada yake pale uani, kitu ambacho hakuwa amefanya tangu wakiwa watoto, akamkumbatia kwa nguvu, kisha akapanda gari bila kugeuka.

Mnunuzi anaishi mbali, analima kwa kuajiri watu, na nyumba ya Verlyn imefungwa kwa mbao. Mwezi Mei makreni yalisimamisha mnara namba ishirini na mbili kwa Lyndahl, nyuma ya miti, na kutoka jikoni kwa Ardis hauonekani. Unawasha taa za watu huko mijini, na ni jambo jema, wala hana kinyongo nao. Jumapili baada ya kanisa Verlyn hupiga simu, na wanaongea saa nzima. Ardis humwambia kila kitu sasa, kwamba alilia Jumanne, kwamba nyumba ni kubwa, kwamba amemkumbuka, na Verlyn naye humwambia yake. Halafu Kirsten anamwita mezani, simu inakatwa, na Ardis anabaki ameketi akitazama kilima kitupu. Nusu maili imekuwa maili sabini, na macho yake hayamruhusu tena kuendesha gari mbali hivyo.